Msizipake rangi saa za wazee kabla ya kuziuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nipingane na ushauri uliotolewa humu na msomaji mwenzangu, aliyewaambia wanaotaka kuuza saa za mkononi za zamani kwamba kwanza wazipeleke kwa fundi zikapakwe uso upya, zipigwe msasa na kuwekewa mishale mipya, kwa kuwa saa inayong'aa hupata bei nzuri kuliko iliyochakaa. Kwa saa ya kuvaa kazini tu, ushauri huo hauna ubaya mkubwa. Kwa saa ya miaka ya 1960 au 1970, ambayo mnunuzi wake anaitaka kwa ajili ya ukale wake, ni ushauri wa hasara. Na hapa Dodoma, ambako saa za namna hiyo bado zimo katika masanduku ya familia za waliokuwa watumishi wa reli, walimu na makarani wa serikali, watakaoipata hasara hiyo ni wengi.

Mtu anayetafuta saa kuukuu hatafuti kifaa cha kujulia wakati, maana simu yake inamtosha kwa hilo. Analipia kitu kilichotoka kiwandani katika mwaka fulani na kikabaki karibu na kilivyotoka. Uso uliofifia kidogo, wenye maandishi yake ya kwanza, una thamani kwake kuliko uso uliopakwa jana, hata kama uliopakwa jana unapendeza zaidi kwa mbali. Rangi ya kwanza ikishakwanguliwa hakuna fundi awezaye kuirudisha, na ndiyo maana nasema ni heri kuuza saa ikiwa chafu kuliko kuiuza ikiwa imeharibiwa kwa gharama.

Sokoni Majengo au Sabasaba, swali linaloulizwa huwa moja: ni orijino au ni feki? Swali hilo halitoshi. Saa inaweza kuwa na vipande vilivyotoka vyote katika kiwanda kimoja cha Japani na bado isiwe saa moja, kwa sababu uso ni wa hii, mashine ni ya ile, na mfuniko wa nyuma umetoka kwa nyingine iliyokufa zamani. Hiyo si feki, lakini haiwezi kuwa na bei ya saa ambayo vipande vyake vilizaliwa pamoja. Kisha ipo ile ambayo kila kipande ni chake isipokuwa uso umepakwa upya. Feki yenyewe, yaani saa iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza, ndiyo inayozungumzwa sana, lakini kwa maoni yangu ndiyo rahisi kuigundua kuliko zote.

Nichukue mfano wa Seiko 5, kwa kuwa ndiyo saa ya zamani ambayo wasomaji wengi wataikuta nyumbani. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, na ile 5 ilisimamia mambo matano: kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kifundo cha kurekebishia saa kilichojificha kwenye namba 4, na kasha pamoja na mkanda ulio imara. Ukiigeuza, aghalabu utakuta mgongoni namba mbili. Ya kwanza imegawanywa kwa kistari: tarakimu nne za mbele zinataja mashine, kwa mfano 6309, 7009 au 7S26, na nne za nyuma zinataja aina ya kasha. Ya pili ni namba ya mfululizo, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na inayofuata ni mwezi, 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha herufi O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba hautaji muongo. Namba inayoanza na 8 yaweza kuwa ya mwaka 1978, 1988 au 1998, na hapo ndipo unapohitaji kujua mashine husika ilitengenezwa lini.

Ujuzi huo mdogo unatosha kuzima hadithi nyingi za wauzaji. Tuseme umeambiwa kwamba saa unayoonyeshwa ilikuwa ya mzee wa reli aliyeivaa hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na ukiigeuza unasoma 7S26. Mashine hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1996. Mzee wa reli anaweza kuwa alikuwepo, na saa inaweza kuwa ni Seiko ya kweli kabisa, lakini hivyo viwili havikupata kukutana kabla ya mwaka huo. Mnunuzi wa ng'ombe pale mnadani Msalato haridhiki na umri anaotajiwa na mwenye mali. Humfungua mnyama mdomo akatazama meno.

Hata hivyo, namba ya mgongoni inathibitisha mfuniko tu, na mfuniko hufunguliwa. Kwa hiyo mnunuzi makini huomba saa ifunguliwe mbele yake, asome namba iliyogongwa kwenye mashine yenyewe, kisha atazame ukingo wa chini wa uso, karibu na namba 6, ambako Seiko huandika kwa herufi ndogo mno zinazohitaji lenzi ile ambayo fundi huibana jichoni. Tarakimu nne za mwanzo za maandishi hayo zinapaswa kulingana na mashine. Zinazofuata zinaweza kutofautiana na namba ya kasha bila kosa lolote, na nimesikia watu wakikataa saa nzuri kwa sababu ya tofauti hiyo isiyo na maana. Maandishi hayo yakikosekana kabisa, uwezekano mkubwa ni kwamba uso umepakwa upya.

Uso uliopakwa upya una dalili nyingine, na hapa naomba msomaji mwenzangu anisome kwa utulivu, kwa sababu anachokishauri kina soko lake na sifa yake. Wapenzi wa saa duniani wanajua kuwa kutoka India, hasa Mumbai, huja Seiko 5, Favre-Leuba za Uswisi na HMT nyingi zenye nyuso za rangi kali, ya chungwa, buluu au waridi, ambazo viwanda vyake havikuzitoa hivyo. (HMT ni ya kampuni ya serikali ya India iliyoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa kushirikiana na Citizen ya Japani, na ni saa nzuri ya kutia ufunguo ikiachwa ilivyo.) Ukiitazama saa kama hiyo kwa lenzi, herufi za jina ni nene na kingo zake zimevimba, vistari vya dakika havikai sawasawa mbele ya alama za saa, na rangi imevuja hadi kwenye kingo za dirisha la tarehe. Mara nyingi mashine iliyomo ndani ni ya kweli na inatembea vizuri. Mtu akiipenda, aivae. Ila asiinunue kwa bei ya saa isiyoguswa, wala asidhani kuwa amepata toleo la nadra.

Sipendi barua hii isomwe kama shutuma kwa mafundi saa. Wale waliokaa vibarazani mwa maduka ya Uhindini na kando ya masoko yetu kwa miaka mingi walifanya kazi ya kuzifanya saa ziendelee kutembea, na vipuri havikuwa vinaagizwa. Vilitolewa katika saa zilizokufa. Mzee aliyepeleka saa yake ikiwa imevunjika mshale wa sekunde alitaka kuiona ikitembea kabla ya siku ya kazi, hakuuliza mshale umetoka wapi. Saa nyingi zipo leo kwa sababu ya uchanganyaji huo. Ninachoomba kwa mafundi wa sasa ni kwamba wakitoa uso, mshale au kifundo, wakirudishe kwa mwenye saa ndani ya bahasha hata kama kimechakaa, maana mnunuzi anayekuja miaka kumi baadaye anaweza kukithamini kuliko kipya kilichowekwa.

Kwa saa za Uswisi, yaani Omega, Tissot, Oris, Roamer na wenzao, mambo ni yale yale isipokuwa namba hazisomeki kwa urahisi kutoka nje. Omega za zamani kwa kawaida zina namba ya mfululizo kwenye mashine na namba ya aina ndani ya mfuniko, na Rolex za zamani zina namba zilizochorwa ubavuni mwa kasha, baina ya masikio ya kushikia mkanda, kwa hiyo hazionekani mpaka mkanda utolewe. Muuzaji wa Rolex asiyekubali mkanda utolewe amekwisha kujibu swali. Na yule anayekuonyesha mshale wa sekunde ukiteleza bila kuruka, akidai hiyo ndiyo alama ya saa ya kweli, anakudanganya au amedanganywa: karibu kila saa isiyo ya betri huteleza namna hiyo, hata Seiko 5 ya kawaida, ambayo mashine zake nilizotaja hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, na feki yenye mashine ya springi huteleza vilevile.

Kuna jambo moja la saa za Uswisi ambalo linahusu afya pia. Rangi inayong'aa gizani, iliyopakwa kwenye mishale na alama za uso, hadi miaka ya 1960 ilikuwa na radiamu, madini yatoayo mionzi, katika saa nyingi, kisha ikaja tritiamu, ambayo hutambulika kwa herufi T zilizoandikwa kando ya neno SWISS chini ya namba 6. Mionzi ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, hivyo saa ya mwaka 1965 yenye herufi hizo ikikuwakia gizani usiku kucha, ujue imepakwa rangi ya kisasa. Radiamu nayo huacha kung'aa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga huchoka, lakini mionzi yake haiishi. Nusu yake huchukua miaka 1,600 hivi kupungua. Vumbi lake likiingia mwilini lina madhara. Kwa hiyo fundi anayekwangua uso wa saa ya miaka ya 1950 kwa wembe ili aupake upya anaharibu thamani na huku anajihatarisha mwenyewe, na hii peke yake ingetosha kuupinga ushauri wa msomaji mwenzangu.

Kuhusu msasa nina machache ya kusema. Kasha la zamani lina kingo kali na pande zilizochanwa kwa mistari myembamba. Likipigwa msasa kingo hulainika, mistari hufutika, na wakati mwingine namba huondoka nazo. Kasha lililochovywa dhahabu ni baya zaidi, maana tabaka lake ni jembamba na shaba iliyo chini hujitokeza kwanza masikioni, kisha hakuna cha kufanya.

Na bei je? Bei anayoiandika muuzaji mtandaoni ni ombi lake. Bei yenye maana ni ile iliyokwisha kulipwa kwa saa ya aina hiyo hiyo, yenye mashine hiyo hiyo na hali inayofanana. Toa humo gharama ya kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta, kwa sababu saa iliyolala kabatini miaka ishirini mafuta yake yamekauka hata kama inatembea ukiitikisa, na vumbi letu la kiangazi huwa limeshapita kwenye mpira wa mfuniko uliokufa. Toa zaidi kama vipuri ni vya shida. Roamer, kwa mfano, walijitengenezea mashine zao wenyewe, kwa hiyo kipuri chake kitatoka kwenye Roamer nyingine. Risiti ya dukani na kijisanduku chake huongeza bei. Jina la babu lililochongwa mgongoni hupunguza bei kwa mgeni na huiongeza nyumbani, na hapo kila familia iamue. Tukumbuke pia kwamba Seiko 5 zilitengenezwa kwa mamilioni. Anayetarajia kununua kiwanja Iyumbu kwa saa ya babu atulie kwanza.

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini maelezo ya mdomo yanayotolewa kibarazani ni vigumu kuyathibitisha. Ningependa wanunuzi wazoee kudai risiti iliyoandikwa kitu kama: "Seiko 5, mashine 7009, uso umepakwa upya, kifundo kimebadilishwa." Muuzaji mkweli hapotezi chochote kwa kuandika hivyo, na saa ya namna hiyo itapata mnunuzi wake kwa bei inayoistahili.

Na kama msomaji mwenzangu ana saa ambayo bado haijafika kwa fundi, namwomba amwagize aioshe mashine na kuitia mafuta, abadilishe mpira wa mfuniko, na kioo ikiwa kimepasuka, kisha uso, mishale na kasha aviache vilivyo.

Msomaji wenu,
Makole, Dodoma