Barua kwa kaka yangu anayesema amepunguza

Shikamoo kaka.

Wifi kanipigia juzi kuniambia kadi za harusi ya binti yenu zimeshatoka. Katikati ya maongezi akanipa na habari zako: umepunguza, siku hizi ni sigara moja tu ya jioni baada ya kula. Nikafurahi, halafu nikakasirika, nikanyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Naandika hapa kwa sababu simu yangu hupokei, na kwenye grupu la ukoo ulishatoka. Wengine mtuwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Hiyo moja si ndogo. Mwaka 2018 watafiti walizikusanya tafiti nyingi za miaka mingi, wakakuta anayevuta moja kwa siku anajiongezea hatari ya maradhi ya moyo karibu nusu ya ile anayojiongezea mtu wa sigara 20. Wewe umetoka ishirini ukafika moja, ukategemea hatari nayo imebaki moja ya ishirini. Moyo hauna hesabu hizo.

Wala usiniambie huwezi kuacha. Ramadhani unakaa kutoka alfajiri mpaka magharibi bila kuigusa, tena juani, unapiga lipu. Shida ni adhana ikilia: unafuturu kwa sigara, tende inafuata. Mama alikuwa anageuza uso asione.

Tuseme lile benchi sasa.

Benchi la saruji nje ya wodi ya wanaume. Muuguzi alikuwa amemruhusu baba atoke kidogo kwenye oksijeni aote jua. Miguu imevimba, anapumua kwa mabega, sentensi moja anaikata mara tatu. Mimi nimekwenda kununua uji. Narudi na chupa mkononi, nawaona kwa nyuma: umeinama mbele yake, umekinga kiberiti kwa kiganja. Ukamwekea mdomoni, ukamshikia kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Halafu, kwa njiti ileile, ukawasha na yako.

Alivuta pafu moja. Kikohozi kilichofuata kiliwatoa watu wodini. Alipopata pumzi akaniangalia mimi, wala si wewe, akasema, "Mwache kaka yako, nimemwomba mimi."

Sisemi ile ndiyo iliyomuua. Zilizomuua alianza kuzivuta kabla hatujazaliwa. Makohozi yalipimwa TB, yakapimwa tena, hakuna kitu, hadi yule daktari kijana akatueleza kwamba njia za hewa zimebana na vifuko vya mapafu vimeharibika, na vilivyoharibika havirudi. Ulikuwepo, ulitikisa kichwa. Kumpa baba sigara naweza kujilazimisha kuelewa. Mgonjwa anaomba, mtoto unashindwa kumnyima. Lakini yako, kaka? Na wewe ulikuwa unaumwa?

Najua utanikumbusha Urambo. Ada zetu zilitoka kwenye marobota ya tumbaku, na bani lile la kuikaushia tulilijenga kwa mikono yetu. Kweli kabisa. Mimi pia nilichuma majani asubuhi yamelowa umande, nikatapika mpaka mama akadhani ni malaria, kumbe nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi. Tumbaku ilitusomesha, sikatai. Baba alishailipa.

Na lile neno lako la msibani, kwamba kila mtu ana siku yake, mbona wasiovuta nao wanakufa. Wanakufa, ndiyo. Yupo daktari Mwingereza, Richard Doll. Yeye na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza mwaka 1951, wakaendelea nao miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3. Akiwa na 50, kama miaka 6. Wewe 50 ndiyo hiyo umeigonga. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona majibu ya utafiti wake wa mwanzo, akafariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92. Miaka sita, kaka. Anayeolewa sasa anaweza kukuletea mjukuu ukampeleka shule mwenyewe.

Faida nyingine hazingoji miaka. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kutulia. Siku chache, ile hewa ya sumu, ileile inayoua watu waliofunga chumba na jiko la mkaa ndani, imeshapungua kwenye damu. Kikohozi cha asubuhi kitapungua miezi inavyokwenda. Wifi atafute njia nyingine ya kujua umeamka. Mwaka ukitimia, hatari ya maradhi ya moyo ni kama nusu ya aliyeendelea kuvuta. Na ulimi utarudi. Wifi anapika vizuri sana, wewe unamwaga chumvi kabla hujaonja.

Siku za mwanzo ni mbaya, sikufichi. Hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu. Wiki zikienda inalegea. Zipo dawa za kubandika na za kutafuna zenye nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kwa hiyo usione aibu kumuuliza daktari. Huenda ukaongezeka kilo kadhaa. Fundi aiachie suti nafasi.

Kuhusu ule usiku wa arobaini ya baba, watu wanasema nilikufukuza. Sikukufukuza. Nilisema toka nje na sigara, sikusema toka nje na begi. Mwanangu ana pumu, unajua, ulishawahi kumbeba mwenyewe kumkimbiza hospitali usiku, tena pekupeku, na hilo silisahau. Halafu mjomba huyohuyo anakaa sebuleni anavuta, mtoto amelala kwenye mkeka hapo chini! Shangazi wakasema mdogo hamsemeshi mkubwa hivyo mbele ya wageni. Nani angekusemesha? Baba hayupo, mama anakuonea haya, wifi miaka yote kimya. Nilibaki mimi, na ikitokea tena nitasema tena.

Harusi ni huku Dar na mtafikia kwangu, nimeshamwambia wifi. Chumba ni kilekile. Chandarua nimenunua kipya, kwa sababu cha zamani kina tundu la moto upande unaolala wewe, na usibishe, ninacho kabatini, nitakuonyesha.