Mnaotafuta wateja wakubwa, kaeni chini muandike barua kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Salamu na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana kuna jambo linanikereketa tangu Nane Nane ya mwaka jana pale viwanja vya Ipuli hapa Tabora. Nilikuwa na meza ya asali, na majirani zangu wa meza, wa mchele, wa karanga, wa samani za mninga, kila mmoja analia kilio kilekile, eti wateja wakubwa hawapatikani. Ukiwauliza umewatafutaje wanakuonesha simu. Meseji moja, picha sita, imetumwa kwa watu mia mbili kwa mpigo, hoteli humo humo, supamaketi humo humo, mkurugenzi na diwani humo humo, wote wanaitwa "mpendwa mteja".

Siwasemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka miwili mizima. Naona tiki mbili za bluu, basi, kimya. Wengine wakaniblok kabisa. Na nikikaa nikifikiria nawaelewa, mtu mwenye ofisi kubwa anapokea meseji za hivyo kuanzia asubuhi mpaka usiku, ya kwangu atajuaje kwamba mimi asali yangu ni ya kweli.

Kilichonibadilisha ni posa. Kijana wa dada yangu alipata mchumba upande wa Nzega, tukakaa kikao kuandaa barua. Kijana akasema ataitaipu ofisini kwao aiprinti vizuri, kaka yetu mkubwa akakataa katakata, posa inaandikwa kwa mkono. Siku ya kupeleka nilikuwemo kwenye msafara na mshenga. Yule mzee wa upande wa pili akapokea bahasha kwa mikono miwili, akaagiza miwani yake iletwe, akasoma polepole mpaka mwisho, akampa mdogo wake naye akasoma, ikaenda kwa shangazi mtu, ikarudi, halafu mzee akaikunja kwa mikunjo ileile iliyokuja nayo akaitia mfuko wa shati. Na muda wote huo simu yake iko pembeni kwenye mkeka inaita inakata inaita tena, hajaigusa. Nilirudi nyumbani naiwaza hiyo bahasha tu.

Sasa kulikuwa na hoteli moja kubwa Dar ambayo nimeitamani muda mrefu. Niliwahi kwenda semina pale, asubuhi kwenye chai nikakuta vile vipakiti vidogo vya asali, nikageuza nyuma kusoma, imetoka nje ya nchi. Mtu umetoka Tabora, mkoa ambao nchi nzima ukiutaja wanakujibu asali, halafu unakunywa chai na asali iliyopanda ndege, roho iliniuma kwakweli.

Barua ya kwanza nilikosea. Juu ya bahasha niliandika "Kwa Meneja" basi, jina sikuweka, ikaishia mapokezi huko, nilipopiga simu baada ya wiki sita hakuna anayeijua. Ya pili nikajipanga. Kwanza nikapiga mapokezi nikauliza kwa heshima anayehusika na manunuzi ya vyakula anaitwa nani na jina lake linaandikwaje, nikaomba nitajiwe herufi moja moja, wakanipa na namba ya S.L.P. yao, na hii S.L.P. ndugu zangu msiipuuze maana kwetu barua kwa kawaida haipelekwi mlango kwa mlango kama nchi za wenzetu, inaingia sandukuni, anaitoa mhudumu wa ofisi, inapita kwa sekretari, ndio ifike kwa bosi, kwahiyo jina likiwa limekosewa inakwama katika mojawapo ya hiyo mikono. Nikaandika rasimu kwenye daftari mara tatu. Halafu karatasi nyeupe isiyo na mistari, kalamu ya bluu, ukurasa mmoja usiozidi.

Sikuanza na yale ya shuleni ya natumai u mzima wa afya na dhumuni la barua hii. Nilianza na ile asubuhi ya chai, nikamwambia nilikaa meza gani na nilisoma nini nyuma ya kipakiti. Nikaeleza asali yetu inatoka Sikonge kwenye misitu ya miombo, nani wanarina, inachujwaje, kwanini ile iliyorinwa kwa moshi mwingi inabaki na harufu na sisi tunafanya nini ili isinuke. Na ombi likawa moja tu, anipe dakika kumi kwenye simu, akikubali nitamtumia chupa aonje. Bei sikuweka, orodha ya bidhaa sikuweka. Nikaipiga picha kabla sijafunga bahasha, nikaenda posta nikaituma kwa rejista ili nibaki na risiti.

Baada ya wiki moja nikapiga simu, na hapa ndipo nilipoona faida ambayo sikuitegemea. Zamani nikipiga naulizwa unauza nini, halafu "tutakutafuta", wanakata. Safari hii nilikuwa na cha kuulizia. Nikasema naulizia barua yangu niliyomwandikia bosi wiki iliyopita, sekretari akasema ahaa ile ya mkono, ipo mezani kwake. Siku ya tisa akanipigia mwenyewe!

Wakaanza na kilo 20. Mwezi wa pili yakatokea matatizo, asali ikaganda kwenye ndoo, jikoni wakasema tumechanganya sukari. Ningejibu kwa wasap tungebishana. Nikamwandikia tena kwa mkono, kwamba asali halisi nyingi inaganda yenyewe hasa kwenye baridi kwa sababu ile glukosi iliyomo inajitenga na kufanya chembechembe, haijaharibika, waweke chombo kwenye maji ya uvuguvugu yasiyochemka itarudi kuwa nyororo. Nasikia hiyo karatasi wameibandika ukutani jikoni. Mpaka leo wananunua.

Nisidanganye watu, sio dawa ya kila kitu. Nimeandika barua 11 mpaka sasa, waliojibu ni 4, wanaonunua ni 2. Lakini kwa meseji za mpigo miaka miwili nilipata mkubwa gani, hakuna hata mmoja.

Na sio mambo ya ushamba au ya kizamani kama kijana mmoja alivyoniambia. Huko Marekani kwenyewe kulikuwa na muuza magari wa Chevrolet anaitwa Joe Girard, kati ya 1963 na 1978 aliuza magari 13,001, moja moja, na moja ya mazoea yake makubwa ilikuwa kutuma kadi kwa wateja wake kila mwezi mwaka mzima. Na sisi Tabora barua tunazijua siku nyingi. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta mpelelezi Livingstone, alipopita Kwihara, hapa karibu na mji, mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone umekwama hapahapa Unyanyembe, akaondoka nao pamoja na aliyekuwa anaubeba mpaka Ujiji, na Livingstone alipopewa aliuweka kwenye goti, akasoma moja mbili za watoto wake kwanza kabla ya mengine. Mtu aliyekaa miaka bila habari, alianza na mwandiko wa wanawe.

Kwa ofisi za serikali naomba muwe makini. Huko barua inaingia masjala, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye faili, kwahiyo ukiulizia wana pa kuitafutia, hilo ni zuri. Ila tenda za serikali tangu 2023 zinapita kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, barua yako hata iwe na mwandiko wa dhahabu haikupi tenda, inakutambulisha tu. Na usiambatanishe kitu, hata chupa moja ya asali. Kwenye posa tunaweka hela ndani ya bahasha na inaeleweka, kwa mtumishi wa umma hiyo ni rushwa na unamharibia yeye na wewe.

Nyingine, nimesikia siku hizi wenzetu wa nje wana mashine inashika kalamu inaandika maelfu ya barua zionekane za mkono. Naomba tusifike huko. Yule meneja aliniambia aliona nimekata neno moja nikaandika upya juu yake ndio akajua nimekaa chini nikamwandikia yeye, sasa ukiweka mashine umemdanganya mtu kabla hata hajaonja bidhaa yako, na akigundua hutamrudisha tena.

Ndugu Mhariri ningeomba na nyie mtusaidie, kurasa zenu za biashara kila wiki ni matangazo ya mtandaoni na lipia posti yako, hebu siku moja mtume mwandishi azunguke hata hapa Tabora tu aulize watu wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wafugaji nyuki na mafundi samani nani aliwahi kumwandikia mteja barua na ikawaje.

Mimi nina jina moja la mtu wa Mwanza hapa, sina hakika linaandikwa na h au bila h. Jumatatu nitapiga mapokezi kwao niulize kwanza ndio nishike kalamu.

Msomaji wenu,
Mama wa asali,
Ipuli, Tabora