Mchanga Mpya wa Tangi la Maji ya Bahari: Uoshe Kabla ya Kuumwaga

Wateja wanaoanza kufuga samaki wa baharini hutuletea swali moja mara kwa mara: "Nimeweka mchanga jana, maji yamekuwa meupe kama tui, hata mawe siyaoni. Niyamwage yote nianze upya?" Usiyamwage. Yatatulia. Lakini usumbufu huo unazuilika kwa kazi ya saa moja hivi, ukiwa na ndoo na mpira wa maji, kabla mchanga haujafika tangini.

Mchanga wa matangi ya bahari kwa kawaida ni aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachojenga matumbawe. Chembe zake si ngumu kama za mchanga wa mto. Kiroba kinapopakiwa, kupakuliwa na kutikisika njiani, chembe husagana na kutoa unga mweupe. Unga huo huelea siku nzima, huziba sponji ya filta, kisha hutua juu ya mawe na kuinuka tena kila pampu inapoyapiga maji. Ukija kuweka matumbawe, yatakuwa yakitoa ute muda wote kuusukuma.

Anza na kipimo. Zidisha urefu wa tangi kwa upana kwa kina cha mchanga unachotaka, vyote kwa sentimita, gawa kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha lita hizo kwa 1.5 upate kilo. Tangi la sentimita 100 kwa 40 lenye mchanga wa sentimita 3 linahitaji lita 12, kama kilo 18. Kina cha sentimita 2.5 hadi 4 kinatosha watu wengi. Kuhusu ukubwa wa chembe, sisi tunashauri milimita 1 hadi 2. Mchanga laini kuliko huo unapendeza macho, ila pampu ya mawimbi huurusha na kuacha kioo cha chini kitupu. Kokoto za matumbawe za milimita 4 au 5 nazo humeza mabaki ya chakula yakaozea humo.

Sasa kuosha. Fanyia nje, wala usimwage maji hayo kwenye sinki, maana mchanga hukaa kwenye kona ya bomba na kuliziba. Weka lita 4 za mchanga kwenye ndoo ya lita 20. Usijaze zaidi, kwa sababu ndoo ikijaa huwezi kufikia chini, na unga hukaa chini. Zamisha mpira wa maji mpaka kwenye sakafu ya ndoo, fungulia kwa nguvu, koroga kwa mkono ukiinua mchanga wa chini kuja juu. Subiri kama sekunde tano chembe nzito zishuke, kisha mwaga maji. Rudia. Kwa mchanga wa milimita 1 hadi 2 hesabu mara sita hadi kumi. Ulio laini zaidi hudai zaidi. Sabuni isiguse ndoo hiyo, hata ndoo iliyowahi kufulia usiitumie.

Utajuaje kwamba umetosha? Chota mchanga kidogo, utie kwenye glasi ya maji safi, koroga, hesabu mpaka kumi. Ukiviona vidole vyako upande wa pili wa glasi, inatosha. Usitafute maji yang'ae kabisa, utapoteza mchanga mzuri bure. Maji ya bomba yanafaa kwa kuoshea, ila suuza mara ya mwisho kwa maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine ya utando, ili usibaki na klorini.

Hayo yote ni ya mchanga mkavu. Mchanga hai, unaouzwa ukiwa mbichi kwenye mfuko uliofungwa, usiuoshe kwa maji ya bomba. Unalipia bakteria waliomo, na klorini huwaua. Fungua mfuko unuse. Harufu ya bahari ni sawa. Ukinuka yai viza, suuza kwa maji ya chumvi uliyokwisha kuyaandaa.

Wengine huuliza kama wanaweza kuchota ufukweni. Tunawakataza. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia au Kisite-Mpunguti ni marufuku, na fukwe za mjini, hasa karibu na midomo ya mito kama Msimbazi, hupokea maji taka. Kama tayari una mchanga usiojua asili yake, dondoshea siki: kaboneti hutoa mapovu, mchanga wa mto hukaa kimya. Pitisha na sumaku pia. Chembe nyeusi zikinasa, hizo zina chuma, usizitumie.

Tangini, mawe hutangulia. Yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uyazunguke. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba au samaki mchimbaji atachimbua chini yake na jiwe litaanguka kwenye kioo. Maji ya chumvi yachanganye kwenye pipa pembeni siku moja kabla, gramu 35 hadi 38 za chumvi kwa lita, mpaka kipimo cha uzito wa maji ya chumvi kisome 1.025 hivi. Chumvi kavu ikimwagwa moja kwa moja juu ya mchanga huugandisha mabonge. Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji polepole juu ya sahani, kisha itoe.

Washa filta ikiwa na pamba safi, ukiibadilisha kila inapoziba. Pampu ya mawimbi ielekeze juu, na isikae karibu na mchanga: umeme ukikatika na kurudi, chembe zilizoingia kwenye impela, yaani panga linalozunguka ndani ya pampu, huikwaruza au kuikwamisha. Weupe wa vumbi huondoka ndani ya siku moja hadi tatu.

Weupe ukizidi hapo, jaza glasi maji ya tangi, uiache mpaka asubuhi. Unga ukitua chini ya glasi, ni vumbi bado, endelea na pamba. Glasi ikibaki na ukungu uleule juu hadi chini, hao ni bakteria waliozaliana kwa wingi. Ongeza hewa na mzunguko wa maji, usitie chakula, nao watapungua wenyewe.

Maji safi si ruhusa ya kuweka samaki. Kwanza bakteria wanaosafisha taka za samaki wakue: tia amonia, sumu inayotoka kwenye taka hizo, ifike miligramu 2 kwa lita na upime. Siku amonia na nitriti (sumu ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa) zote zitakaposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24 baada ya kutia dozi, tangi liko tayari. Mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Katikati ya muda huo mchanga utageuka kahawia. Ni dayatomu, mwani mdogo sana, huja na kuondoka, usiuoshe upya. Na usiutegemee mchanga upandishe pH (kipimo cha asidi ya maji): kwenye 8.2 aragonaiti haiyeyuki vya kutosha, kwa hiyo alkalini ya maji, yaani uwezo wake wa kuzuia pH kushuka, ipime na kuirekebisha kama kawaida.

Unayeongeza mchanga kwenye tangi lenye samaki, uoshe vilevile, kisha loweka kwenye maji ya tangi. Zima pampu zote. Shusha bomba la plastiki la inchi 2 mpaka sakafuni, jaza mchanga kwa kikombe kupitia juu ya bomba, liinue taratibu na kulisogeza. Weka theluthi moja tu kwa wiki, usifunike mchanga wa zamani wote kwa siku moja, maana bakteria wa chini watakosa hewa na amonia itapanda. Pampu ziwashe baada ya nusu saa, na pima amonia kesho yake.