Rundo kubwa la mboji si sifa

Mhariri,

Bustani ya mboga ikianzishwa pamoja na mradi wa kupunguza upotevu wa chakula, picha ya uzinduzi haikosi kupigwa mbele ya rundo la mboji. Ripoti zinazofuata huhesabu tani zilizoozeshwa, na kadiri tani zinavyopanda ndivyo makofi yanavyozidi. Sisi tunaoratibu miradi ya aina hii tunaomba nafasi ya kupinga kipimo hicho, kwa sababu kinawapotosha wanaoanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kabichi ni maji kwa takriban asilimia 92. Kilo 100 za kabichi zilizokosa mlaji zina kilo 8 tu za kitu kikavu, na karibu nusu ya hizo hupotea hewani kama kaboni dioksidi wakati wa kuoza. Mboji inayobaki, pamoja na unyevu wake wa kawaida, haijazi hata ndoo moja ya lita 20. Mbegu, maji, palizi na mgongo wa aliyevuna vimeishia hapo. Maganda na mashina yana haki ya kwenda kwenye rundo, lakini zao zima likifika huko kuna mtu hakuzungumza na mwenzake.

Na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kamati ya shamba hupanga yake, kamati ya taka hupanga yake, kisha zinakutana kwenye rundo. Zinapaswa kukutana kabla pakiti ya mbegu haijafunguliwa, na kitu cha kwanza kununuliwa kiwe mizani.

Pimeni kwa wiki mbili kabla ya kupanda chochote. Wiki moja haitoshi, maana siku za jikoni hazifanani. Wekeni ndoo nne, kila moja na rangi yake. Ya kwanza ni ya mazao mazima yaliyozidi mahitaji. Ya pili ni ya vilivyoharibika ghalani au kwenye jokofu kabla ya kupikwa. Ya tatu ni ya maganda na vikonyo. Ya nne ni ya mabaki ya sahani. Kila ndoo ina mwenyewe wa kuulizwa: ya kwanza humrudia mpanga upanzi, ya pili mtunza stoo, ya nne mpakuaji. Ya tatu haina kesi. Wanaochanganya zote nne katika pipa moja na kuandika “kilo 85” wamepata namba isiyomwambia mtu yeyote afanye nini kesho.

Baada ya hapo panda ukihesabu kutoka mezani kurudi kitaluni. Tuseme jikoni panahitajika saladi 30 kwa wiki. Otesha miche 40 kila wiki, kwa kuwa baadhi haitaota na baadhi itakatwa na sota, wale viwavi wa udongoni. Kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 30, miche hiyo 40 inachukua mita 3 za mraba. Kutoka kupandikizwa hadi kuvunwa ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mita 24 za mraba zinakulisha mfululizo ikiwa kila tuta linalovunwa linapandwa tena wiki hiyohiyo. Mwenye pupa akiotesha pakiti nzima siku moja atapata saladi 300 ndani ya siku 10, kisha miezi miwili ya kununua. Angalizo la joto: udongo ukizidi nyuzi 28 hivi, mbegu nyingi za saladi hulala na kukataa kuota. Otesha kivulini jioni, la sivyo hesabu yote itavurugika na lawama watabebeshwa wauza mbegu.

Mzunguko wa mazao nao uingie kwenye kalenda hiyohiyo. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, kwa hiyo zisirudi kwenye tuta lilelile kabla ya miaka 3 hadi 4. Hapa ndipo jikoni pasipoelewa huleta shinikizo la “nyanya zaidi”, na mkulima asiye na kalenda ukutani hushindwa kukataa.

Kiungo kinachokatika kuliko vyote ni oda za jikoni. Bustani inaanza kutoa spinachi, lakini oda ya kudumu kwa muuzaji wa nje haijafutwa, kwa hiyo zinaingia spinachi mbili kwa siku moja na ya bustani ndiyo inayokaa hadi inyauke. Dawa yake ni karatasi moja. Kila wiki, siku ileile, msimamizi wa shamba aandike kitakachokuwa tayari ndani ya siku 7 na ndani ya siku 14, kwa kilo. Anayeagiza asiagize kabla ya kuiona. Makadirio ya siku 14 yatakosea, hilo lisiwakatishe tamaa. Linganisheni kilichoandikwa na kilichovunwa, na baada ya misimu miwili mkono utazoea.

Kuhusu kutunza mavuno tutasema machache, kwa kuwa wengi wanajua kanuni ila hawazifuati. Mboga za majani zivunwe asubuhi mapema, zikae kivulini, zisafirishwe kwenye kreti na si magunia, na kreti isijae kupita ukingo. Jokofu moja halitoshi kila kitu: majani hupenda nyuzi 0 hadi 2 na unyevu mwingi, ilhali nyanya na matango chini ya nyuzi 10 hujeruhiwa na baridi, yakatoka madoa ya majimaji na kupoteza ladha. Nyanya na matunda yanayoiva hutoa gesi ya etilini inayogeuza majani kuwa manjano, kwa hiyo yatenganishwe. Pasipo umeme, chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati husaidia sana penye hewa kavu. Penye unyevunyevu mwingi msikitegemee, kwa kuwa maji hayakauki na ubaridi hauji.

Kinachozidi kiende kwanza kwa walaji wengine. Chakula kilichopikwa kiwe kimekaa moto juu ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5, na kilichokaa katikati ya hapo zaidi ya saa mbili kisigawiwe. Cha sahani hakigawiwi kamwe. Kwa mifugo, mabaki safi ya mboga hayana shida. Makombo yenye nyama ni habari nyingine. Uingereza ilipiga marufuku kulisha nguruwe makombo ya jikoni mwaka 2001, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo uliodhaniwa kuanzia kwenye makombo yasiyochemshwa. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika navyo husafiri ndani ya nyama. Ulizeni daktari wa mifugo na sheria ya mahali mlipo kabla ya kumpelekea mfugaji hata ndoo moja.

Sasa ndiyo tufike kwenye rundo, na hapa tutakaa kidogo.

Marundo mengi hunuka kwa sababu moja: vitu vikavu vimekwisha. Mabaki ya jikoni yamejaa maji na nitrojeni. Rundo linataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, na kwa vipimo vya mkono hiyo ni ndoo 2 hadi 3 za majani makavu kwa ndoo 1 ya mabaki. Mradi unaopokea kilo 60 kwa wiki, yaani lita 110 hivi, unameza takriban mita 1 ya ujazo ya majani makavu kila mwezi. Majani huanguka kwa msimu, maganda huja kila siku. Hivyo basi, kabla ya kuahidi kupokea ndoo ya kwanza, wekeni akiba ya miezi mitatu mahali pasiponyeshewa. Vumbi la mbao linafaa kwa kiasi kidogo tu. Lina kaboni nyingi mno na hushikamana hadi hewa ikazibwa, na la mbao zilizopakwa dawa lisiingie kabisa.

Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande, kwa sababu dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Kila mabaki yanapomwagwa yafunikwe papo hapo kwa majani makavu unene wa kiganja, usipofanya hivyo unafuga nzi na panya. Kamua konzi ya mchanganyiko: likitoka tone moja au mawili unyevu umefaa, yakichirizika ongeza vikavu, isipotoka kitu nyunyiza maji. Katikati ya rundo joto lifike nyuzi 55 hadi 65 ndani ya siku chache. Asiye na kipimajoto achomeke nondo kwa dakika 10. Ikitoka ya moto kiasi cha kutoshikika, kazi inaendelea. Ikipoa, geuza, ya nje iingie ndani. Kwa rundo la wazi, kanuni inayotumiwa kuua vimelea na mbegu za magugu ni siku 15 za nyuzi 55 au zaidi, likigeuzwa mara 5. Msiofikia joto hilo msitie mimea yenye mnyauko. Ikaushwe na kuchomwa au kufukiwa mbali na matuta.

Ndoo za kukusanyia ziwe za lita 20. Pipa la lita 200 likijaa hupita kilo 100, hakuna wa kulinyanyua, na hakuna anayejua kilicho chini yake hadi plastiki itokeze kwenye tuta la karoti mwaka unaofuata. Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza nayo muitilie shaka, kwani mingi inataka joto la kiwandani.

Kuna sumu moja ambayo rundo la moto haliondoi. Baadhi ya viuagugu vya malishoni, hasa aminopiralidi na klopiralidi, hupita kwenye nyasi, kwenye tumbo la ng'ombe na kwenye mboji vikiwa bado na nguvu, kisha hukunja majani ya nyanya na jamii ya maharage. Kabla ya kutandaza mboji iliyotokana na nyasi au samadi ya kuletwa, ichanganyeni nusu kwa nusu na udongo, pandeni maharage machache kwenye makopo, na pembeni wekeni makopo ya udongo mtupu. Baada ya wiki tatu, majani mapya yakijikunja kwenye mboji pekee, shehena hiyo isiguse bustani. Ukomavu hupimwa kwa njia rahisi zaidi: konzi iliyolowa ndani ya mfuko uliofungwa siku 3, ukifungua ikanuka uvundo bado haijaiva.

Mboji nayo ina kiwango. Unene wa sentimita 1 juu ya mita 10 za mraba ni lita 100, yaani ndoo 5, na kwa matuta yaliyokwisha kupata rutuba hiyo inatosha kwa mwaka. Wanaomwaga kila kinachozalishwa kwa kuwa “ni ya asili” hulimbikiza fosforasi na chumvi, na miche huanza kuungua ncha za majani. Mradi unaolazimika kumwaga zaidi ya hapo unapokea mabaki kuliko ardhi yake inavyohimili.

Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira inakadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, migahawani na madukani, asilimia 60 zikitoka majumbani. Lengo la 12.3 la maendeleo endelevu linataka utupaji huo kwa kila mtu upungue kwa nusu ifikapo 2030. Lengo hilo halisemi tani ngapi zigeuzwe udongo.

Ombi letu ni kwa wanaofadhili na kukagua. Badilisheni fomu. Pale juu palipoandikwa “kilo za mboji” wekeni “kilo zilizoliwa kwa kila kilo 100 zilizovunwa”, na chini yake uzito wa kila ndoo kati ya zile nne, mwezi kwa mwezi. Mkifika kwa ukaguzi, lisubirisheni rundo na muombe kwanza daftari la mizani.

Waratibu wa bustani za mboga na mboji