Maji ya Rejeta

Nairobi,
14 Agosti

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako niliipata juzi, na nilipofika pale unaposema kwamba fundi amekuondolea themostati ya gari lako, ile vali ya maji ya injini, kwa sababu Kenya haina baridi, niliacha chai ikapoa nikaanza kukujibu.

Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa nami nikayakubali. Themostati haina habari na baridi ya nje. Hukaa imejifunga mpaka maji ya injini yapite nyuzi 80 hivi, ndipo hufunguka ili yaende kupozwa kwenye rejeta, na bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake la kazi, ikala mafuta na kuchakaa mapema. Isitoshe, kuiondoa hakukuniokoa, kwani gari lilichemka katika mlima wa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, nyuma ya lori lililokuwa likipanda kwa mwendo wa kinyonga.

Ugonjwa ulikuwa kwenye maji. Nyumbani, baada ya injini kupoa kabisa (kifuniko kisifunguliwe ikiwa moto, maana maji yale yamebanwa na yatakurukia usoni), nililegeza koki ya chini ya rejeta, na kilichotoka kilikuwa chekundu kama udongo wa Kikuyu, kimechanganyika na vipande vya kutu. Nilipochungulia shingoni mwa rejeta niliona ukoko mweupe, ndugu pacha wa ule ulio ndani ya birika letu. Ni maji ya kisima ya pale mtaani, ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nikijazia bila kujiuliza yanaacha nini. Nilijaza maji safi, nikawasha injini na hita mpaka ikapata moto, nikaiacha ipoe na kuyamwaga. Nikarudia mara nne ndipo yakatoka safi.

Sasa natumia kulanti (dawa inayotiwa kwenye maji ya rejeta) nusu na maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, nusu. Kulanti huzuia kutu, na pia hupandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo huku juu ni muhimu, kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta husaidia kwa kuyabana maji hayo. Mpira wake ukipasuka, nunua kingine, wala usiufunge kwa nailoni kama nilivyofanya mimi. Aina ya kulanti ichague kwa kitabu cha gari, si kwa rangi, na usichanganye aina mbili, kwani huweza kuganda kama uji. Ile kuukuu usiimwage mtaroni: ina utamu unaovutia mbwa, nayo ni sumu.

Jumamosi ijayo nitakuja Nakuru na themostati mpya. Wewe tafuta ndoo mbili kuukuu, na gari lisiendeshwe asubuhi hiyo.

Wako wa siku zote.