Shangazi, miguu usiikande

Shikamoo Shangazi.

Dada kaniambia umeacha kwenda mazoezini. Unasema bega halifunguki, mwili hauna nguvu, na usiku nyayo zinawaka hadi unatupa shuka, kwa hiyo bora ubaki nyumbani ukandwe kwa maji ya moto na chumvi. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengi wenye sukari na ugonjwa wa tezi ya shingoni (thairoidi) kwa pamoja, wanaopelekwa kunyooshwa viungo bila kuelezwa kwa nini miili yao inachelewa kuitikia.

Nianze na hayo maji, maana ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha. Zilizo ndefu hutangulia kuumia, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, ikapanda taratibu kama soksi inayovutwa, na mikono ikafuata baadaye. Mguu wa namna hiyo huwaka moto pasipo moto, na moto wa kweli ukija hausikii. Anayekukanda atakuuliza kama maji yamezidi, nawe utamjibu kwa moyo safi kwamba bado, kumbe ngozi imeshababuka. Lengelenge dogo la beseni laweza kuwa donda la kukatisha kidole. Basi miguu isikandwe kabisa. Hata maji ya kuoga, mwachie mjukuu ayapime kwa kiwiko.

Hata hospitalini ni hivyo hivyo. Kabla ya kukuwekea kitu chochote cha moto, mtaalamu wa fiziotherapia anatakiwa apime hisia zako. Upo uzi wa nailoni unaojikunja kwa uzito wa gramu 10; anaugusisha kwenye wayo huku umefumba macho, nawe unasema unapousikia. Kama hujawahi kupimwa hivyo, omba. Ni haki yako.

Bega lako limeganda, na bega kuganda huwapata zaidi wenye sukari, na wenye matatizo ya tezi pia. Kufunguka kwake ni miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Kulivuta kwa nguvu hadi utoe machozi hakuliharakishi. Mwambie anayekuhudumia aende nawe polepole, lakini usiache.

Kuhusu tezi, naona kila mtu anaipita juujuu. Tezi ya thairoidi ikitoa homoni kidogo, misuli hukaza na kuchoka upesi, baridi huingia mwilini, choo kinakuwa kigumu. Aliyekuita mvivu pale mazoezini hakujua anachokisema. Ile levothairoksini, dawa yako ya tezi, unaimeza pamoja na chai ya maziwa na vidonge vya kuongeza damu, na madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge hivyo huizuia isifyonzwe vizuri. Imeze alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, ukae nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya damu vimeze baada ya kupita muda wa saa 4 tangu uimeze. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Usijiongezee mwenyewe, maana homoni ikizidi moyo huenda mbio na mifupa hupungua uimara.

Tena si kila ganzi ni ya sukari. Metformin, dawa ya sukari, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huumiza neva. Tezi inayotoa homoni kidogo nayo yaweza kuleta ganzi. Mwombe daktari aangalie yote hayo, kwa kuwa hizo mbili zina tiba yake.

Siku ya mazoezi pima sukari kwanza. Wewe unatumia insulini, kwa hiyo ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kula kitu kabla ya kuanza. Ukitetemeka na kutoka jasho katikati ya zoezi, simama, unywe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Asubuhi kaa kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, maana neva za kurekebisha presha nazo huathirika na kizunguzungu kinaangusha.

Dada akukague nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, usiukanyage. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani mifupa yaweza kuwa inavunjika bila wewe kuhisi.

Kandambili ziache. Hospitali ya KCMC kule Moshi kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia miguu tangu 1981, na nataka twende wakutazame kwa ajili ya viatu. Lakini kwanza rudi kliniki na dawa zako zote mfukoni, za sukari na za tezi, umwonyeshe mtaalamu wa mazoezi. Nauli ya Moshi niachie mimi.