Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari 2019

Wapendwa dada zangu, wanachama wa chama chetu cha waliomaliza kidato cha nne mwaka 1998,

Nawasalimu kwa niaba ya kamati na nawashukuru mliofika. Mlio ukumbini ni 23. Orodha yetu ina majina 86.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia kwa haraka. Machi tulitembelea shule, tukapanda miti na kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne kuhusu vyuo na kazi. Tulisimama na wenzetu sita waliofiwa na wazazi. Tulihudhuria harusi mbili, na tukaenda kumwona mwenzetu aliyejaliwa mapacha. Safari ya Naivasha iliahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, kwa sababu waliolipa hawakutosha kukodi hata matatu moja. Kumbukumbu za vikao ziko kwa Dada Katibu, anayetaka kuzisoma amwone.

Kuhusu ada sina budi kusema wazi. Ada ya mwaka ni Sh 3,000. Kufikia Desemba 31 waliokuwa wamelipa walikuwa 31. Nambari ya paybill imewekwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila mwezi, na Dada Mweka Hazina amewapigia simu wadaiwa mmoja mmoja kwa salio lake mwenyewe. Inaniuma kwamba katika mjadala mkali wa matumizi uliotuchukua miezi, wengi wa waliosema kwa sauti ya juu hawamo kati ya hao 31. Kila mwanachama ana haki ya kuhoji. Lakini fedha mnazozihoji zililetwa na wachache, na wachache hao hawakulalamika.

Sasa nafika kwenye mjadala wenyewe, maana najua baadhi yenu mmekuja leo kwa ajili yake. Ni uamuzi wa kamati wa kutumia Sh 47,500 kutoka mfuko wa msiba kuandaa jioni ya kumwomboleza Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, bendi ya roki kutoka Ayalandi. Uamuzi huo niliupendekeza mimi, nikautetea mimi mbele ya kamati, na leo nautetea mbele yenu.

Habari za kifo chake zilitufikia Jumatatu jioni, Januari 15, 2018. Alikuwa na miaka 46, amekutwa amefariki katika hoteli mjini London, alikokuwa amekwenda kwa kazi ya kurekodi. Usiku ule kikundi chetu, ambacho siku zote hupokea salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja, hakikulala. Waliokuwa kimya kwa miaka waliandika. Mwenzetu aliyeko Doha alituma sauti yake akilia, hakusema neno hata moja. Nilikaa na simu mkononi hadi usiku wa manane nikisoma, na nikajua kwamba hapa kuna msiba, na chama chenye mfuko wa msiba hakiwezi kujifanya hakikusikia.

Hoja ya kwanza iliyotolewa dhidi yetu ni kwamba marehemu si jamaa ya mtu yeyote humu. Naomba niwakumbushe tulikotoka.

Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1995. Albamu yao ya No Need to Argue ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na bwenini ilitufikia kwa kaseti moja iliyorekodiwa kwa kuwekeanisha redio mbili uso kwa uso. Katikati ya Ode to My Family kulikuwa na mbwa anabweka, mbwa wa jirani wa mwenye kaseti, na sote tulijua ni wapi hasa atabweka. Hadi leo wimbo huo ukipigwa redioni mimi humsubiri mbwa yule. Daftari la maneno ya nyimbo lilizunguka kitanda hadi kitanda, kila mmoja akifuta aliyoyasikia mwenzake na kuandika aliyoyasikia yeye. Capital FM ilipoanza mwaka 1996, waliotoka Nairobi walirudi kutoka likizo wakituhadithia kwamba wamemsikia Dolores hewani, bila mbwa, na sisi wa mashambani tukawaonea wivu kweli.

Mnakumbuka pia kwamba shule yetu ilianzishwa na masista kutoka Ayalandi. Tulikuwa tunawajua Waayalandi kama watu wa rozari, bustani ya waridi na adhabu ya kupiga deki. Halafu akaja msichana wa kwao, amenyoa nywele, amevaa viatu vizito, anaimba kwa lafudhi ileile ya Sista aliyetufundisha kwaya. Hakuibadilisha ili afanane na Waingereza wala Wamarekani. Sisi tuliokuwa tunafundishwa kusafisha lafudhi zetu za Kikamba, Kiluhya na Kitaita kabla ya kusimama mbele ya wageni, tuliliona hilo. Na ile sauti yake inayokatika koo na kupanda ghafla, kila mtu aliijaribu kwenye kwaya, na kila mtu alikatazwa. Ayalandi ya zamani ilikuwa na wanawake walioombolezea maiti kwa kuimba. Wenzetu wa kutoka Nyanza, wanaojua mama zao hulia vipi msibani, hawakuhitaji kuelezwa alikuwa anafanya nini.

Alikuwa kitinda mimba, amelelewa Ballybricken, kijiji kilicho nje ya mji wa Limerick, akipiga kinanda kanisani. Mwaka 1990, akiwa na miaka 18, alikwenda kuonana na vijana waliokuwa wamepoteza mwimbaji wao: Noel na Mike Hogan, ndugu wawili, na mpiga ngoma Fergal Lawler. Noel alimpa kaseti yenye muziki mtupu. Aliirudisha na maneno ya wimbo wa Linger. Fikirieni hilo liliwaingiaje wasichana wa miaka 15 ambao kila mtu mzima aliwaambia wasubiri: wasubiri mtihani, wasubiri chuo, wasubiri kuolewa, ndipo waseme wanalotaka kusema.

Kisha kuna Zombie. Tuliuimba kwa miaka mitatu kwa sababu ya kelele zake, na kwa sababu mkuu wa bweni aliuchukia. Hatukujua kwamba ulizaliwa na mabomu mawili ya IRA, kundi la Waayalandi lililopigana kuiondoa Uingereza Ayalandi Kaskazini, yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza, Machi 20, 1993. Johnathan Ball aliyeuawa alikuwa na miaka 3. Tim Parry, aliyefariki siku chache baadaye, alikuwa na miaka 12. Dolores aliandika wimbo ule akiwa na miaka 21, akiwakatalia waliodai kuua watoto kwa jina la nchi yake. Halafu Ijumaa ya Agosti 7, 1998, katika mwaka wetu wa mwisho shuleni, bomu likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi. Waliokufa katika jiji letu walikuwa 213. Mwanachama wetu mmoja alimpoteza mama yake, na jina la mama huyo liko ukutani kwenye bustani ya kumbukumbu. Tangu siku ile wimbo ule haukuwa tena wa kumkasirisha mkuu wa bweni.

Kwa hiyo Jumamosi ya Aprili 14 tulikutana. Ukumbi Sh 15,000, vyombo vya sauti Sh 12,000, chai na vitafunio Sh 8,500, na Sh 12,000 za kinanda cha umeme tulichokipeleka shuleni kwa ajili ya kwaya. Walihudhuria wanachama 54. Narudia, 54, katika chama ambacho mkutano mkuu uliopita ulikuwa na watu 19. Wenzetu walitoka Kisumu na Taveta. Ulipofika wakati wa Zombie, yule mwenzetu aliyefiwa na mama mwaka 1998 alisimama akaomba upigwe, ukaisha, akaomba urudiwe. Mara ya pili aliuimba peke yake kwa sauti ya chini, mikono ameishika nyuma kama tulivyofundishwa kusimama kwenye kwaya, na sisi tukanyamaza mpaka akamaliza. Miaka ishirini alikuwa hajawahi kulizungumza jambo lile mbele yetu. Anayeniambia fedha zile zilipotea aniambie pia ni shughuli gani nyingine ya chama hiki imewahi kumfanyia mwanachama jambo kama hilo.

Hoja ya pili ilikuja Septemba. Tarehe 6, siku ambayo angetimiza miaka 47, uchunguzi wa mahakama mjini London ulieleza kwamba alizama kwa bahati mbaya kwenye bafu akiwa amelewa. Usiku huohuo dada mmoja aliandika kwenye kikundi kwamba chama cha wanawake waliosomeshwa na masista kimetumia sadaka za wafiwa kumlilia mlevi. Sikujibu siku ile. Najibu leo. Mwanamke yule alisema hadharani kwamba alidhulumiwa utotoni. Alisema hadharani kwamba aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha mtu bila hiari yake. Aliacha watoto watatu. Jeneza lake lilipowekwa kanisani Limerick, maelfu walipanga foleni kumuaga, na Januari 23 akazikwa kwao, pamoja na baba yake, baada ya misa katika kanisa la kijiji. Padri wa kwao hakumfungia mlango. Sisi ni nani tuufunge? Na tuzungumze ukweli, kati yetu 86 wamo wanaobeba mizigo hiyohiyo nyumbani, na walisoma ujumbe ule. Wawili walinipigia simu. Sitaki ujumbe wa namna hiyo uandikwe tena kwenye kikundi chetu nikiwa mwenyekiti.

Hoja ya tatu ni ya katiba. Katiba inairuhusu kamati kutumia hadi Sh 50,000 kati ya mikutano kwa saini za maofisa watatu. Saini zipo. Risiti zipo, na Dada Mweka Hazina anazo hapa. Isitoshe, michango iliyotolewa jioni ile ilikuwa Sh 21,300, na yote ilirudishwa kwenye mfuko, kwa hiyo kilichotoka hasa ni Sh 26,200. Hakuna mfiwa hata mmoja aliyenyimwa kitu. Familia zote sita zilipata Sh 10,000 kila moja, kwa wakati. Bad Wolves, bendi ya Marekani ambayo Dolores alikuwa aimbe nayo Zombie siku ileile aliyofariki, iliwapa watoto wake dola 250,000 kutokana na mauzo ya wimbo huo. Sisi tulichoweza ni kinanda kwa watoto wa shule yetu. Sioni aibu yoyote.

Ilikuwa taarifa hii iishie hapo, lakini mwezi huu umetuongezea. Jumanne, Januari 15, ulitimia mwaka mmoja tangu Dolores afariki. Bendi yake ilitoa siku hiyo wimbo wa kwanza wa albamu yao ya mwisho, yenye sauti aliyoiacha, na tulikuwa tumekubaliana kuusikiliza pamoja saa mbili usiku, kila mmoja alipo. Saa tisa alasiri magaidi walishambulia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. Badala ya wimbo, kikundi kilikuwa cha kuulizana nani yuko wapi. Wenzetu watatu hufanya kazi upande ule, na wa mwisho alijibu usiku sana, akiwa salama. Nilikuwa nikiita majina kutoka kwenye orodha ya chama, ileile ambayo baadhi wanasema ni ya kudai ada tu. Wimbo wenyewe wengi wetu hatujausikiliza hadi leo, na kamati itapanga siku yake mambo yakitulia.

Hesabu kwa ufupi. Mfuko wa kawaida ulianza mwaka na Sh 64,200, ukapokea Sh 93,000 za ada, ukatumia Sh 71,450, ukabaki na Sh 85,750. Mfuko wa msiba ulianza na Sh 142,600, ukapokea Sh 48,000 za michango ya kawaida na zile Sh 21,300, ukatoa Sh 107,500, ukafunga na Sh 104,400.

Kwa mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kufika Naivasha. Tunatumaini pia kuanzisha msaada wa karo kwa msichana mmoja au wawili, fedha zikiruhusu, na kuna wazo la kuwa na jioni ya muziki kila mwaka, ambalo litahitaji kujadiliwa zaidi.

Uchaguzi utafanyika baada ya chai. Nimeombwa nigombee tena na nimekubali. Katiba inawaruhusu kupiga kura waliolipa ada tu. Dada Mweka Hazina ameketi kwenye meza ya mlangoni na anapokea M-Pesa na fedha taslimu hadi saa sita kamili.

Naomba kuwasilisha.